Nzi Mweupe Anaona Nini? Hotuba kwa Wakulima wa Mboga wa Lubumbashi

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi mbele ya wakulima wa mboga, wengi wao wakilima ndani ya sere, yaani nyumba za plastiki. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika.

Mama zangu, baba zangu, vijana, jambo yenu wote!

Aksanti kwa kuacha bustani asubuhi hii. Najua wapo waliotoka Kasungami kwa miguu, wapo waliotoka Kalebuka, na wapo ambao saa hizi wangekuwa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wakipanga matomati juu ya meza. Muda wenu ni chakula cha watoto wenu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeleta kitu kimoja tu. Hiki hapa, wa nyuma mnakiona? Ni kipande cha bidoni, yaani dumu la mafuta, ile ya njano, kimekatwa kwa kisu na kupakwa vazelini. Wengi wenu mmewahi kununua kadi za aina hii za kunasa wadudu zilizotengenezwa kiwandani, mkazitundika ndani ya sere. Nawauliza: baada ya kuitundika, uliirudia? Uliisogelea ukahesabu kilichonasa? Au uliiacha inaning'inia mpaka ikawa nyekundu kwa vumbi letu la mwezi wa nane?

Nitasema neno hili leo zaidi ya mara moja, mnivumilie. Kadi ya njano ni jicho lako ndani ya sere. Anayeitundika akingoja imuulie wadudu wote atasikitika. Anayeitundika ili imwambie kinachoendelea, huyo atavuna.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Mnamjua. Ukienda kuchuma sombe, ukigusa tawi la muhogo, vijidudu vyeupe vinaruka kutoka chini ya majani, vinazunguka kidogo, vinarudi palepale. Huyo ndiye nzi mweupe. Urefu wake ni kama milimita moja. Kwenye muhogo ndiye anayesambaza mosaiki, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Kwenye matomati ananyonya maji ya jani, anaacha utomvu mtamu unaonata, na juu ya utomvu ule unaota ukungu mweusi. Hayo tu yangekuwa hasara ya kutosha. Lakini kuna aina yake, Bemisia tabaci, inayobeba virusi vya kukunja majani. Jani linajikunja kwa juu, kingo zinakuwa njano, mche unadumaa, maua yanaanguka. Mche ukishikwa ungali mdogo, usitegemee tunda. Na hakuna dawa ya kuuponya. Mama zangu, nasema tena: hakuna. Mwenye kuwauzia chupa akisema inaponya mche uliokunja majani, mwacheni na chupa yake.

Sasa, huyu mdudu anapopenya mlangoni mwa sere yako, anajuaje kwamba mche uko upande huu na nguzo iko upande ule? Anaona. Macho yake ndiyo yanayomwongoza kwanza kabisa. Ila haoni kama tunavyoona sisi, na hapo ndipo siri yote ya kadi ilipo.

Niwape hadithi. Ujerumani, katika mji wa Munich, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kulikuwa na daktari mkubwa wa macho aitwaye Carl von Hess. Alikuwa mtu mzima mwenye sifa, na alifundisha kwamba wadudu hawajui rangi. Kwao dunia nzima ni mwanga na giza. Akatokea kijana, Karl von Frisch, ambaye hakuridhika. Alijiuliza: kama nyuki haoni rangi, maua yamejipamba kwa ajili ya nani? Basi akachukua kadi moja ya bluu, akaizungushia kadi nyingi za kijivu, nyingine za kijivu hafifu, nyingine za kijivu kizito. Juu ya ile ya bluu akaweka kisahani cha maji ya sukari. Nyuki wakaja, wakanywa, wakazoea. Kisha akaondoa sukari, akabadilisha nafasi za kadi. Nyuki walienda wapi? Walienda kwenye bluu. Visahani vilikuwa vitupu, lakini walienda kwenye bluu! Kama wasingeona rangi, wangepotea kati ya zile za kijivu. Alipojaribu kwa rangi nyekundu, mambo yakageuka: nyuki walishindwa kuitofautisha nyekundu na kijivu cha giza. Kwao, nyekundu ni kama weusi.

Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1914, na mwaka 1973, akiwa mzee, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya maisha yake juu ya wanyama na wadudu. Kijana alimpinga mkubwa kwa kadi za karatasi na maji ya sukari. Vijana mlioko hapa, mmesikia? Hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na swali zuri na subira.

Kutokana na kazi kama hiyo, na nyingine nyingi zilizofuata, leo tunajua kwamba wadudu wengi wana macho ya kupokea rangi ya kijani, ya bluu, na ile miale ya jua ambayo sisi hatuioni kabisa, inayoitwa urujuanimno. Nyekundu wengi hawana. Kwa hiyo tomati lako lililoiva, lile unalolitanguliza mbele ya meza ili mnunuzi asimame, nzi mweupe halimpi habari. Yeye hatafuti tunda. Anatafuta jani. Na hasa anatafuta jani changa, laini, lenye maji matamu.

Jani linaonekanaje machoni pake? Linarudisha mwanga mwingi wa kijani unaoelekea njano, na linarudisha bluu kidogo sana. Mdudu anapima hivyo viwili: kijani kingi, bluu kidogo, basi hapo kuna jani, shuka ukae. Chukueni sasa kipande hiki cha bidoni. Kinafanya nini? Kinarudisha kile kijani-njano kwa nguvu kuliko jani lolote lile, na bluu kinaimeza karibu yote. Machoni pa nzi mweupe, hiki ni jani kupita majani yote aliyowahi kuona. Ndiyo maana anauacha mche wako halisi na kuja kwenye plastiki. Wataalamu wamepima wakaona nzi mweupe wa kwenye sere anavutwa zaidi na mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 550, na hapo ndipo kijani kinapogusana na njano. Karatasi nyeupe haimvuti hivyo, kwa sababu nyeupe inarudisha na bluu pia, na bluu inamwambia kwamba ile ni anga, aruke aende mbali.

Si nzi mweupe peke yake. Vidukari wenye mabawa wanaifuata njano. Vijinzi vinavyochimba njia ndani ya jani na kuacha mistari myeupe iliyopindapinda, navyo pia. Mwaka 1951 Mjerumani mwingine, Volker Moericke, alieleza mtego rahisi kabisa wa kufuatilia vidukari: sahani ya njano iliyotiwa maji. Wanaiona, wanashuka, wanazama. Kwa hiyo aliyekosa hata vazelini asirudi nyumbani akisema hana uwezo. Beseni la njano, maji, na sabuni kidogo ili mdudu asisimame juu ya maji. Nani hapa hana beseni?

Na bluu? Bluu ni ya thiripi. Ni mdudu mwembamba, naye ni kama milimita moja, anakwaruza jani na kuacha mabaka ya rangi ya fedha yenye vitone vyeusi vya kinyesi chake. Huyu anapenda maua, anakula chavua, kwa hiyo macho yake yanaitafuta rangi ya maua. Anakuja kwenye njano pia, lakini bluu inamvuta vizuri, na kadi ya bluu ina faida nyingine: haijazwi na nzi weupe, kwa hiyo unamwona thiripi bila kuhangaika. Naye anabeba virusi vyake, vile vya madoa na kunyauka kwa tomati. Virusi hivyo anavipata akiwa mtoto, anavisambaza akiwa mkubwa mwenye mabawa.

Wapenzi wa mpira, kumbukeni hivi: njano na bluu, rangi za Lupopo. Wa Mazembe msininunie, nyeusi na nyeupe yenu inapendeza uwanjani, ila kwenye sere haitawasaidia!

Sasa tuje mahali pa kutundika. Hapa ndipo ninapoona kazi nyingi ikiharibika, na hapa nitakaa.

Kuna kijana mmoja upande wa Kalebuka, mchapakazi kwelikweli, alijenga sere ya mbao na plastiki kwa mikono yake. Alitundika kadi za njano mpya, nzuri, kwa mpango. Akafunga zote kwenye miti ya paa, juu kabisa, ili zisimsumbue akipita. Wiki zikapita, kadi safi. Akafurahi, akasema sere yangu haina wadudu. Nilipofika nikageuza jani moja la juu. Mama zangu, chini ya jani lile palikuwa peupe! Mdudu alikuwa chini, kwenye ncha za miche, na kadi ilikuwa imening'inia mahali asipopita. Kijana yule hakukosa bidii. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Nzi mweupe anakaa kwenye majani machanga, kwenye ncha, na safari zake nyingi ni fupifupi, kutoka mche mmoja hadi mwingine. Kadi ikae hapohapo: juu kidogo ya ncha za miche, kama kiganja kimoja au viwili, ikiwa imesimama wima. Mche ukirefuka, kadi inapandishwa. Kwa hiyo usiifunge fundo la kudumu. Tumia kamba unayoweza kuivuta. Weka kadi moja karibu na kila mlango na kila dirisha la hewa, maana adui anaingilia huko. Halafu tawanya nyingine ndani, kama moja kwa kila mita mraba 100 ikiwa lengo ni kuchunguza. Kwenye kitalu cha miche midogo weka za ziada, kwa sababu mche mdogo ndio unaouawa na virusi.

Vipi kuhusu vumbi? Wageni wakitufundisha mambo haya hawalitaji, kwa sababu kwao halipo. Sisi hapa kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua irudi tunakula vumbi jekundu, na sere zetu nyingi ziko kando ya barabara za udongo. Vumbi likishika kwenye gundi, mambo mawili yanatokea: gundi haishiki tena, na njano haiwi njano tena. Mdudu anaona kitu cha giza, anapita zake. Kwa hiyo wakati wa kiangazi futa kadi, paka upya, na usingoje ijae. Vazelini ichanganywe na mafuta kidogo ya kupikia ili ilainike kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Wapo wanaotumia mafuta machafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Siyapendi. Yananasa, ndiyo, lakini ni meusi, yanaifunika ile rangi tuliyoihangaikia. Na chagueni bidoni ambayo njano yake bado inawaka, siyo ile iliyokaa juani miaka mpaka ikapauka.

Jambo moja dogo la wamama, nalo ni zito. Msiingie kwenye sere mkiwa mmevaa kikwembe, yaani kitenge, cha njano. Mama mmoja wa Kasungami alikuwa na sere mbili zilizokaribiana. Anamaliza ya kwanza, anaingia ya pili. Ya kwanza ilikuwa na nzi weupe, ya pili ilikuwa mpya. Siku moja mtoto wake akamwambia: mama, una wadudu mgongoni. Kikwembe chake cha njano kilikuwa kimepambwa na nzi weupe, na alikuwa tayari amefika mlango wa sere ya pili. Tangu siku hiyo anaanza na ile safi, anamalizia na ile yenye wadudu, na njano anaivaa kanisani.

Sasa nafika kwenye kuhesabu. Hili ndilo lililonileta.

Tuseme ukweli bila kuficha. Tunafanyaje sasa? Tunabeba pompi ya kupulizia dawa mgongoni kila wiki, tukiona wadudu au tusipoona. Tunapiga pompi kwa woga. Pesa zinaisha dukani kwa mwenye dawa, mikono haina glavu, na wakati mwingine matomati yanakwenda sokoni kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Nani anayanunua? Jirani yako. Nani anayala? Mtoto wa jirani, na wako. Na mdudu je? Mdudu anazoea. Ukimpiga kwa dawa ileile kila wiki, wachache wenye nguvu wanabaki, wanazaa wenye nguvu. Duniani kote nzi mweupe anajulikana kwa hilo. Inaniuma kuona mama anatumia faida ya msimu mzima kununua dawa ambayo mdudu wake hasikii tena.

Hesabu inavunja huo woga. Kuna mama mmoja wa Kilobelobe, hakumaliza shule ya msingi. Alichukua daftari la mtoto wake la hesabu, lile la miraba, akatoa ukurasa mmoja. Kila Jumamosi asubuhi anapita kadi kwa kadi, anahesabu, anaandika: mlangoni wangapi, katikati wangapi, mwisho wangapi. Wiki mbili za kwanza, wachache, karibu sawasawa. Wiki ya tatu, kadi ya mlangoni ikapanda zaidi ya mara mbili huku za ndani zikibaki palepale. Alifanya nini? Hakukimbilia pompi. Alikwenda mlangoni akakuta neti imechanika pembeni, akaishona. Akang'oa miche michache karibu na mlango iliyokuwa na mayai na watoto chini ya majani, akaifunga kwenye mfuko, akaichoma. Wiki iliyofuata hesabu ikashuka. Daftari la mtoto na uzi wa kushonea, mama zangu! Angepiga pompi sere nzima, na lile tundu la neti lingebaki wazi.

Mmeona alichosoma? Namba moja peke yake haisemi mengi. Ishirini kwenye kadi, ni wengi au ni wachache? Inategemea wiki iliyopita walikuwa wangapi. Wanaopanda ndio wa kuogopa. Basi hesabuni siku ileile ya wiki, kadi zilezile, mahali palepale. Kadi ikijaa sana, usihesabu yote. Chukua ukanda wa katikati, upana wa vidole viwili, kutoka juu mpaka chini, uhesabu huo tu, na kila wiki uwe ukanda huohuo. Na baada ya kuhesabu, geuza majani. Kwa nini? Kwa sababu kadi inakamata wenye mabawa tu. Mayai na watoto wa nzi mweupe wamekaa chini ya jani, hawaruki. Kwenye joto la sere, kutoka yai mpaka mkubwa ni kama wiki tatu hadi nne. Kadi inakuonyesha waliokwisha kukua. Jani linakuonyesha wanaokuja.

Kwa hiyo msiniulize kwa nini kadi haimkamati utitiri mwekundu: hana mabawa, anatembea, mtafuteni kwa kugeuza majani. Yule kipepeo mdogo Tuta absoluta, anayetoboa tomati na jani, ambaye wenzetu wa Tanzania wanamwita kantangaze, anatakiwa mtego wa harufu ya jike. Njano haitoshi kumfuatilia. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika Hispania mwaka 2006, Tanzania mwaka 2014, Zambia mwaka 2016. Na matomati ya Zambia yanapitia wapi kuja kwetu? Kasumbalesa, mpakani. Makreti yanayorudi kutoka sokoni yaoshwe kabla ya kuingia shambani, hilo tu naliomba leo. Tutalizungumza siku yake.

Bado moja, nalo linanigusa. Kadi haibagui. Inanasa na rafiki zetu. Mwaka 1926 huko Uingereza, mkulima wa bustani aliyekuwa akilima matomati ndani ya sere aliona watoto wa nzi weupe wengine wamekuwa weusi badala ya weupe. Angeweza kupita. Alionyesha kituo cha utafiti cha Cheshunt, kwa mtaalamu aitwaye Speyer. Wakagundua kwamba ndani ya kila mweusi kuna kijinyigu kidogo mno, Encarsia formosa, ambaye jike hutaga yai ndani ya mtoto wa nzi mweupe, na yai likianguliwa humla kutoka ndani. Kituo kikaanza kuwazalisha na kuwasambaza kwa wakulima. Baada ya vita vya pili vya dunia zikaja dawa mpya za kupuliza, kijinyigu kikasahauliwa, mpaka nzi mweupe alipozizoea dawa hizo na watu wakamrudia rafiki yao. Yote yalianza kwa mkulima mmoja aliyetazama chini ya jani kwa makini.

Kwa hiyo mkiona chini ya majani watoto weusi kati ya weupe, msipige pompi. Punguzeni kadi kwanza, ziachwe chache za kuhesabia tu, ili msiwanase wanaowafanyia kazi bure. Anayetundika kadi nyingi sana ili kuua, anaweza kuwaua hata hao. Kwenye sere yenye kukunja majani tayari, ziwekeni nyingi kuzunguka milango, sawa, zinapunguza wanaoruka. Lakini neti nzima, mlango unaofungwa, na kung'oa mche mgonjwa ndivyo vinavyolinda miche.

Nimemaliza maneno yangu. Pale nyuma, meza ya kulia, kuna bidoni zilizooshwa, visu, vazelini na kamba. Kila mtu akate kadi zake, sentimita 10 kwa 25 zinatosha, aondoke nazo. Mwenye thiripi aseme, kuna mabaki ya plastiki ya bluu pia. Hesabu ya kwanza iwe Jumamosi hii. Mkutano ujao njooni na madaftari, siyo na kadi, maana tutayasoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na tutaanza na wale ambao namba zao zimepanda. Maswali?